Maji ya Mchele

Chupa zilikuwa thelathini na sita, na kumi na mbili kati yake zilikuwa zinanuka.

Mwanahalima alizitandaza uani juu ya kipande cha mkeka, akaanza upya. Tangu asubuhi alikwishaziosha mara tatu. Maji ya moto, brashi ndefu, maji ya moto tena. Sabuni ilikuwa haramu kwenye kazi ile. Bwana Abdulaziz alimkataza siku ya kwanza kabisa, akasema povu likibaki hata chembe, vijidudu vya majini vitalila, na kipimo chote kitaharibika. Basi akasugua kwa brashi tupu mpaka vidole vikakunjamana, akainua chupa puani, akanusa. Dawa bado imo. Harufu kali, kama ya rangi mbichi iliyochanganywa na samaki aliyelala, ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kioo, na kwenye vidole vyake ilikuwa imehamia moja kwa moja. Wiki ya pili sasa alikuwa anakula ugali kwa kijiko. Mtu mzima, mzaliwa wa Maparoni, anakula ugali kwa kijiko kama mgonjwa wa wodini. Mama mwenye nyumba alimfuma siku moja akacheka: "Mwenzetu ushakuwa mtu wa ofisini!" Mwanahalima akacheka naye, akageuza mgongo, akamalizia kula akitazama ukuta.

Nyumba ya kazi ilikuwa nyuma ya soko la Kibiti, mahali ambapo honi za mabasi ya Lindi zinasikika kama zipo sebuleni. Chumba kimoja kilizibwa madirisha kwa nailoni nyeusi, kikawekwa kiyoyozi, na ndani yake chupa zikalazwa gizani siku ishirini na nane. Humo ndimo ilimokuwa inapimwa dawa ya kuua kaa wanaokata mpunga.

Bwana Abdulaziz alikuwa mtu wa Dar es Salaam, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kufuta miwani kila anapotaka kusema neno. Hakumficha Mwanahalima kitu. Alimweleza kazi kama mwalimu mzuri anavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama, maji ya mto yana vijidudu vidogo hata jicho halivioni. Vinakula, vinapumua. Sasa tunatia tone la maji ya mto kwenye chupa, tunatia na dawa kidogo, tunaziba, hakuna hata povu la hewa. Vijidudu vikiila dawa, vitapumua mpaka hewa iliyomo majini iishe. Vikiikataa, hewa itabaki palepale."

"Na utajuaje, na hewa haionekani?"

"Ndiyo maana ya matone haya." Akatia matone kutoka vichupa viwili. Majini yakashuka mavumbi ya rangi ya udongo, taratibu, kama matope ya masika. "Kahawia, hewa ipo. Hakuna aliyekula. Yakishuka meupe, hewa imekwisha, dawa imeliwa."

Chupa kumi na mbili zilikuwa za maji matupu, za kulinganishia. Kumi na mbili zilitiwa chumvi fulani ambayo vijidudu vinaipenda kama watoto wanavyopenda kashata. Kumi na mbili zilizobaki zilikuwa za dawa. Kila siku ya saba zilifunguliwa chache. Zile za chumvi zilianza kupauka wiki ya kwanza tu, na wiki ya nne zikashusha meupe kama tui. Zile za dawa zilishusha kahawia. Siku ya saba kahawia, ya kumi na nne kahawia, ya ishirini na moja kahawia. Siku ya ishirini na nane Bwana Abdulaziz alitia matone mwenyewe, akatazama, akatoka nje na simu.

"Ndiyo, mkuu," Mwanahalima alimsikia akisema karibu na tangi la maji. "Hapana, mkuu. Haiozi. Nimejaribu... Ndiyo, mkuu. Naelewa, mkuu. Tutarudia."

Ndiyo sababu alikuwa anaosha. Chupa mpya hazikuletwa. Za maji na za chumvi zilitakata mara moja, lakini za dawa ziligoma. Maji ya betri, yale ya kusuuzia mwisho, yalikuwa dumu moja kwa chupa zote.

Mchana ule alibandika wali. Alipokuwa anaosha mchele akakumbuka sufuria za mama yake, zilizopikiwa papa. Mama yake alikuwa hazisugui. Alizijaza maji ya mchele yale mazito, akazilaza mpaka asubuhi, na asubuhi zilikuwa hazina hata kumbukumbu ya papa. Chungu kilichomwagikiwa mafuta ya taa kilitibiwa vivyo hivyo. Kila mwanamke wa delta anajua jambo hilo, kama anavyojua kukuna nazi. Alikatazwa sabuni. Mchele hakuna aliyemkataza.

Akazijaza zile kumi na mbili, akazilaza. Kesho yake alizimwaga, akazipitisha maji ya betri mara moja ili dumu litoshe, akanusa. Hakuna kitu. Alifurahi peke yake pale uani. Akanusa na vidole vyake, maana navyo alivichovya humohumo, na jioni alikula kwa mkono.

Awamu ya pili ikaanza. Siku ya saba, chupa za dawa zilishusha rangi iliyopauka. Siku ya kumi na nne ilipauka zaidi. Siku ya ishirini na nane mavumbi yalishuka meupe, na Bwana Abdulaziz alivua miwani, akaivaa, akamshika Mwanahalima mkono kwa mikono yake miwili.

"Vijidudu vya Rufiji vimeamka, mama! Vilikuwa vinaizoea tu!"

Mwanahalima naye alifurahi. Kwao Maparoni kaa walikuwa wamemla yeye mwenyewe, usiseme mpunga. Miaka mitatu alipandikiza, na miaka mitatu kaa wakakata miche usiku mmoja kama waliotumwa na wembe. Mwaka wa tatu mumewe alimwambia shamba lina mkosi na mwenye mkosi ni yeye, akampa talaka kwenye dungu lilelile la kulindia nguruwe. Dawa ya kuwaua kaa, halafu yenyewe ikafa majini isimdhuru mtu, ilikuwa jambo la kuliombea dua.

Alikwenda kuosha. Chupa moja ya dawa ilikuwa ya akiba, haikutiwa matone, imekaa imezibwa mwezi mzima. Alipoigeuza aliona utando mwembamba chini, kama ukungu wa maziwa. Akaifungua, akanusa.

Dawa, kali kama siku ya kwanza, na pamoja nayo mchele uliochacha.

Alikaa chini. Hakuwa mtu wa shule nyingi, darasa la saba tu, lakini hesabu ile haikuhitaji shule. Vijidudu havikuigusa dawa. Vilikula wali wake.

Hakwenda kusema siku ile. Wala kesho yake. Siku ya tatu alijifunga kanga vizuri, akabeba chupa ile kwa mikono miwili, akasimama mlangoni.

"Bwana, nimekuharibia kazi."

Akaeleza yote, sufuria, papa, mama yake, dumu lisilotosha. Alieleza akitazama sakafu. Alikwishajiandaa kufukuzwa, nguo zake alikwishazifunga. Bwana Abdulaziz aliipokea chupa, akainusa, akaiweka mezani. Akafuta miwani muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mama mwenye nyumba wako?"

"Wallahi hakuna. Mie na wewe na Mungu."

"Basi hujaharibu kitu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Mwezi ujao anakuja ofisa wa serikali kutoka Dar kushuhudia. Lazima tupime tena mbele yake. Utaosha vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Kama ulivyoosha."

Mwanahalima alidhani hakusikia vizuri. "Kwa mchele?"

"Sijakutajia mchele. Nimesema vilevile."

"Bwana, si uongo huo? Dawa ile itamwagwa kwenye maji ya kwetu. Ndugu zangu wanayanywa, wanavulia."

Abdulaziz alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu, akaigeuza ili aisome. Alimwonyesha kwa kalamu, bila ukali, kama alivyomwonyesha matone siku ile ya kwanza. "Hapa, aliyetayarisha vyombo. Jina la nani hili?"

"Langu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Mie jina langu lipo kwenye kusoma rangi. Na rangi nimeisoma kweli, nyeupe ni nyeupe. Likizuka neno, mama, nani aliyetia kitu kwenye chupa?" Akashusha sauti, ikawa ya mtu anayeomba. "Mie nina mkuu wangu. Nikimwambia kahawia mara ya pili, keshokutwa atakaa mwingine kwenye kiti hiki, naye atamwambia nyeupe. Wewe kazi utaikosa, na dawa itapita palepale. Nimekuombea ajira ya kudumu. Barua ipo njiani."

Mwanahalima alirudi uani. Akafungua nguo alizozifunga. Mchana akabandika wali.

Ofisa alikuja Ijumaa, mzee mwenye heshima zake, amevaa kofia ya viua, anatazama saa asije akapitwa na sala. Waliendesha chupa mwezi mzima tangu hapo, akarudi siku ya mwisho kuona. Yalishuka meupe. Akaandika, akaandika, kisha akageuka kwa Mwanahalima aliyesimama na beseni.

"Wewe ndiye muoshaji, bibie?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Chupa hizi unaziosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji safi, mzee. Na brashi."

"Sabuni?"

"Hapana mzee, haifai. Vijidudu vitaila."

Ofisa alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia Abdulaziz, "Umemfundisha vizuri." Wakaondoka kwenda msikitini pamoja. Mwanahalima alibaki na beseni, masikio yanawaka kama aliyezabwa kofi.

Barua ya ajira ilikuja kweli. Pamoja nayo likaja agizo. Dawa ingeanzia Maparoni, na kampuni yenye dawa ilimtaka yeye aende na madumu ya kwanza, akaseme na watu wake. "Mie watanisikiliza, lakini wewe watakuamini," alisema Abdulaziz walipokuwa bandarini Nyamisati wanapakia boti.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Abdulaziz alisema masharti. Watu wazibe matuta ya majaruba ya mpunga, watie dawa, wafungie maji siku ishirini na nane. Dawa itaua kaa, halafu itaoza yenyewe. Siku hizo zikitimia wafungue matuta, maji yarudi mtoni yakiwa salama.

Mudy, mtani wa kila mtu, alinyoosha mkono. "Bwana mtaalamu, mie mpunga sina. Mboga yangu ndo hao kaa. Ukiwamaliza utanioa?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Ndipo akasimama Mwamvua, mke wa kaka yake Mwanahalima, mwanamke mrefu, asiyecheka ovyo. "Mie wa mjini simjui, anisamehe. Nataka kumuuliza wifi yangu. Wifi, siku hizo zikipita, inakufa kweli? Umeona wewe mwenyewe, kwa macho yako, au umesikia?"

Watu wote wakamgeukia. Kaka yake, Mfaume, alikuwa amekaa mbele, amemwinulia kidevu kama mtu anayeonyesha watu mali yake.

"Nimeona," alisema Mwanahalima.

"Ikafa?"

"Ikafa."

"Basi," alisema Mwamvua, akakaa. "Mie yamenitosha."

Jaruba la Mfaume ndilo lililotiwa dawa kwanza, na siku ileile mengine yakafuata.

Mwanahalima alirudi Kibiti na siku zikaanza kumwandama. Hakuhitaji kalenda. Siku ya tano alinunua vocha, akaandika namba ya kaka yake, akaifuta. Siku ya kumi na moja Mfaume alipiga mwenyewe, anapiga kelele kwa furaha. "Dada! Hakuna jani lililokatwa! Hata moja! Mpunga umesimama kama askari!" Akajibu, "Alhamdulillahi." Siku ya kumi na tisa alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya wilaya, akakuta foleni, akaambiwa na mlinzi aeleze shida yake kwanza ndipo ajue pa kumpeleka. "Shida yako nini, mama?" Akasema amekosea mlango. Siku ya ishirini na nane, kabla ya alfajiri, alichukua bodaboda mpaka Nyamisati, akapanda boti, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Kaka, msifungue. Kaka, nilikosea kuosha. Kaka, niliambiwa niseme. Kila alivyoyapanga, yalianza na yeye.

Aliwakuta matutani asubuhi ile, si watu wawili watatu, kijiji kizima. Walikuwa wanamngoja. Mama mmoja alipiga kigelegele alipomwona anashuka na viatu mkononi.

"Kaja mwenyewe!" alisema Mfaume. "Nilisema mie, hatafungua mtu mpaka dada afike." Akampa jembe.

"Kaka, njoo pembeni nikwambie."

"Niambie hapahapa, maji yanakupwa. Hili ndilo bamvua, kupwa kubwa, likitupita tutangoja mwezi ugeuke, na miche ishaanza kuoza miguu kwa maji yaliyotuama."

"Tungoje kidogo, kaka."

"Tungoje nini? Siku si zimetimia?" Alihesabu kwa vidole, kisha akacheka. "Au ulikosea hesabu, msomi wetu?"

Watu wakacheka naye, kwa mapenzi. Mwamvua hakucheka. Alimtazama wifi yake usoni, akamtazama sana, na Mwanahalima akajua kwamba neno moja tu lingetosha kwa mwanamke yule. Nyuma ya Mwamvua walisimama watu thelathini waliotia dawa kwa kauli ya Mwanahalima.

"Hapana, kaka," alisema Mwanahalima. "Zimetimia."

Akainua jembe. Tuta lilikuwa laini, lilikatika kwa mapigo matatu. Maji yakatoka, rangi ya chai ya maziwa, yakapita katikati ya mizizi ya mikoko, yakaingia mkondoni. Matuta mengine nayo yakafunguliwa, moja baada ya jingine.

Hazikupita saa mbili, watoto wakaanza kupiga kelele kule mkondoni. Kamba walikuwa juu ya maji. Wamelala ubavu, wengine wanarusha mikia kidogo kidogo, wengi wametulia tu, wakubwa wakubwa, wa kushika kwa mkono. Wanawake waliingia majini na beseni. Waliovua kanga waliziburura kama nyavu. Kamba ambao mtu huwahangaikia usiku kucha na wavu wa jarife, leo wanaokotwa kama embe chini ya mti.

"Dawa ya kaa hii, kumbe na kamba inawalevya!" Mudy alikuwa kiunoni majini, ndoo kichwani. "Mtaalamu kanioa kweli!"

"Kaka," Mwanahalima alimwambia Mfaume, "wale kamba..."

"Neema, dada! Neema juu ya neema!" Akampita mbio na tenga.

Alasiri nyumba nzima ilinuka kamba wa nazi. Mwanahalima alikuwa amekaa kwenye jamvi barazani. Watoto wa kaka yake, watano, walikuwa wamezunguka sinia. Mwamvua alikuja na sahani mikononi, akapiga goti kidogo kama anavyofanyiwa mgeni mkubwa.

"Karibu, wifi. Fungu lako."

Mwanahalima alitazama sahani. Akatazama sinia la watoto. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nimefunga."

"Umefunga?"

"Nalipa siku zangu za Ramadhani."

Mwamvua aliiondoa sahani upesi, akaificha nyuma ya mgongo. "Astaghfirullah! Na safari yote ile, na jembe ukashika! Na sie tunakutilia harufu puani!" Akawageukia watoto. "Nyie, inukeni. Shangazi yenu kafunga, mnamlia mbele ya macho? Pelekeni sinia nyuma ya jiko, haraka!"

"Waache wifi, waache kwanza..."

"Hapana, adabu ni adabu."

Watoto waliinua sinia wote watano, kila mmoja ameshika ukingo, wakaenda nalo polepole lisimwagike. Mfaume, aliyekuwa anapita na tenga la pili, aliambiwa, akasimama, akamtazama dada yake, akawaambia waliomfuata, "Mnaona? Toka asubuhi na njaa yake, na hakusema."

Mwamvua alirudi na bakuli. Alikuwa amechagua kamba wakubwa kuliko wote, akawamenya mmoja mmoja, akawamwagia tui. Akalifunika kwa kawa, akaliweka jamvini, karibu na goti la wifi yake. "Ya futari hii. Hakuna wa kuigusa."

Nyuma ya jiko watoto walikuwa wananyonya vichwa vya kamba. Mwanahalima aliwasikia vizuri, mmoja mmoja. Yule mdogo, ambaye hajaweza kumenya, alikuwa analia wammenyee, na mwingine akamwambia ameze hivyohivyo. Mkondoni watu waliitana, kamba wengine zaidi walikuwa wanaelea kule bondeni. Alisogeza goti mbali na bakuli. Akavuta kanga, akajifunika mdomo.

Mwamvua alitoa kichwa jikoni, akalitazama jua lilipofikia juu ya mikoko.

"Vumilia, wifi," alisema. "Limebaki kidogo tu."